"St. Louis Blues": rekodi gani ni ya mwaka gani, na nitahakikisha namna gani?

Mwana_Kamalondo

Jambo bandugu, wakubwa kwa wadogo.

Tunatayarisha kipindi cha redio cha saa moja hapa Lubumbashi juu ya wimbo mmoja tu: "St. Louis Blues" wa W. C. Handy. Tunataka kueleza ulikotoka, nani aliurekodi kwanza na ulivyobadilika njiani. Tuna faili tano na zote zina mashaka:

Mbili zimeandikwa "Bessie Smith 1925" lakini hazifanani hata kidogo. Moja ni dakika tatu na kitu, sauti ya mama huyo na vyombo viwili tu. Nyingine ina kwaya nzima nyuma yake.
Ya tatu imeandikwa "rekodi ya kwanza, 1914", haina mwimbaji.
Ya nne ni Louis Armstrong, bila mwaka.
Ya tano ni ile ile ya Bessie yenye vyombo viwili, ila imeshuka. Ukitaka kuifuata kwa gitaa, nota haikai popote, iko katikati ya fito mbili.

Tena kuna disiki moja ya 78, yaani ya zamani ya kuzunguka mara 78 hivi kwa dakika. Karatasi ya katikati imeliwa na mende, limebaki neno "Columbia" na "Blues". Naweza kujua ni nini bila lebo? Na je, naweza kuipiga kwa mashine ya kawaida ya disiki za 33?

Aksanti mingi mbele.

---

Maktaba_BelAir

Mdogo wangu, kabla ya kugusa faili, tenganisha vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya kila siku: nota zilizochapwa, na rekodi. Kila kimoja kina tarehe yake. Ile faili yako ya "rekodi ya kwanza, 1914" imezaliwa na mchanganyiko huo. Mwaka 1914, mwezi wa 9, ndipo nota zilipochapwa Memphis. Rekodi ya kwanza ni ya mwezi wa 12 mwaka 1915: kundi la Charles Prince, kwa kampuni ya Columbia, vyombo vitupu bila mwimbaji, disiki pana ya inchi 12 yenye namba A5772. Kama faili yako ni bendi ya kuchezea dansi, haina sauti ya mtu, na inasikika kama inatokea ndani ya bomba, basi huenda ni hiyo. Lakini usiandike 1914 mahali popote.

Nota zilitolewa na kampuni ya Handy mwenyewe na mwenzake Harry Pace. Hilo lina sababu. Mwaka 1912 Handy alikuwa ameuza haki za "Memphis Blues" kwa dola 50, wengine wakavuna. "St. Louis Blues" akaushika mkononi mwake. Kwako wewe mtafiti faida yake ni kwamba unaweza kuutafuta kwa jina la mtunzi na ukapata karibu kila kitu. Nyimbo nyingi za bluzi za miaka ile hazitafutiki hivyo, kwa sababu jina la mtunzi linageuka kutoka disiki moja hadi nyingine, na hata jina la wimbo linageuka.

Sasa Bessie. Rekodi yake ni ya tarehe 14 mwezi wa 1 mwaka 1925, New York, Columbia 14064-D. Usikilize hivi: kuna sauti yake, korneti moja na armoniumu. Armoniumu ni kile kinanda cha kukanyaga kwa miguu, kama kilichokuwa kwenye makanisa ya misheni, na hapo anakipiga Fred Longshaw. Kinapumua taratibu chini ya sauti, hakipigi midundo. Korneti ni Louis Armstrong. Tafadhali kwenye redio useme korneti. Wengi wanaandika tarumbeta na wanakosea. Kila Bessie anapomaliza mstari, korneti inamjibu kwa sentensi fupi kisha inanyamaza. Wawili hao wanaongea. Hiyo ndiyo faili yako ya dakika tatu, na ni rekodi moja ambayo ningeipigisha nzima hewani bila kuikata.

Ile yenye kwaya si ya 1925. Ni sauti iliyotolewa kwenye filamu fupi ya 1929, yenye jina la wimbo wenyewe, iliyoongozwa na Dudley Murphy. Ina dakika kama 16 hivi. Mpiga piano ni James P. Johnson na kwaya ni ya Hall Johnson. Ndiyo filamu pekee tunayomwona Bessie Smith ndani yake. Kwa hiyo ukisikia kwaya, andika 1929 mara moja.

Usiseme pia kwamba Bessie ndiye wa kwanza kuuimba kwenye disiki. Waimbaji wazungu walimtangulia, kama Al Bernard, na Marion Harris mwaka 1920. Useme kwamba ya Bessie ndiyo iliyowafanya watu wausikie upya.

Umbo la wimbo ni la kulieleza kwa kuhesabu, maana hapo ndipo wasikilizaji wetu watashtuka. Handy aliandika vipimo 12, tena 12, halafu 16, halafu 12. Ile 16 ya katikati si bluzi. Iko kwenye minori (ngazi ya sauti za huzuni), na kwenye nota mkono wa kushoto unapiga mwendo wa habanera, ule ule wa tango. Handy alisema aliusikia Kuba alipokwenda huko mwaka 1900. Mtu wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa sana: mwendo wa ukoo huo ulitufikia na sisi kwa disiki za GV (mfululizo wa kampuni ya HMV) zenye muziki wa Kuba, kuanzia 1933. Pigisha sehemu hiyo ya vipimo 16, kisha papo hapo rumba moja ya zamani. Ila usichukue mfano huo kwa Bessie. Yeye aliuacha mwendo wa tango, akapita polepole moja kwa moja.

Juu ya asili ya maneno: Handy anasimulia kwamba mjini St. Louis alimsikia mwanamke akiyumba barabarani, akilalamika kwamba moyo wa mume wake ni mgumu kama jiwe lililotupwa baharini. Habari hiyo iko katika kitabu cha maisha yake cha 1941, miaka 27 baada ya wimbo kuchapwa. Itaje kama ushuhuda wake: "Handy anasema". Kinyume chake, kuna jambo unaloweza kulishika kwa mkono: chukua nota za "Jogo Blues" alizotoa 1913, uziweke pembeni ya vipimo 12 vya mwisho vya "St. Louis Blues". Utaona amechota humo.

---

Sindano75

Nazungumzia disiki tu, na jibu la kwanza ni HAPANA, usiipige kwa sindano ya 33.

Sindano ya disiki za 33 ina ncha ya maikroni 18 hivi. Mfereji wa disiki ya 78 ni mpana mara nyingi zaidi, kwa hiyo ncha hiyo inashuka mpaka chini na kuburuza kwenye uchafu wa sakafu badala ya kushika kuta mbili. Utasikia mlio kama wa moto wa kuni, na sindano itaharibika. Tafuta sindano ya maikroni 75, inayoitwa pia ya mil 3, na uzito wa gramu 3 hadi 5.

Kuosha: maji yaliyochujwa kwa mvuke (yale ya betri, yasiyo na asidi), tone moja la sabuni laini ya vyombo katika nusu lita, burashi ya nywele laini, ufuate mzunguko wa mfereji. Alkoholi usiguse kabisa. Disiki hizi ni za shelaki (utomvu mgumu wa wadudu), na alkoholi inayeyusha shelaki. Ukipangusa mara moja tu, uso unakuwa wa maziwa na muziki umekwenda. Funika karatasi ya katikati kwa kifuniko cha plastiki, maana kilichobaki baada ya mende ndicho ushahidi wako. Suuza, simamisha, iache ikauke kivulini. Wakati wa kiangazi funga dirisha: vumbi letu jekundu likikaa kwenye mfereji wenye unyevu linakuwa kama msasa.

Kusoma bila lebo: zima taa za chumba, washa tochi ya simu, ilaze karibu kabisa na disiki ili mwanga uje kwa ubavu. Angalia ile sehemu laini kati ya mwisho wa mfereji na karatasi. Zungusha disiki polepole. Kuna namba zilizokwaruzwa au kugongwa humo, nyingine hafifu sana. Ndefu ndiyo namba ya matrisi, yaani ya ile bamba ya kurekodia. Baada ya kistari kuna namba ndogo ya teki, yaani ni mara ya ngapi walijaribu. Namba ya katalogi iliyo kwenye lebo inaweza kubadilika disiki ikitolewa tena au katika nchi nyingine, lakini ya matrisi inafuata sauti yenyewe. Ya Bessie ni 140241-1.

Angalia pia kama mbele ya namba kuna herufi W, mara nyingi ndani ya duara dogo. Kwa Columbia, W ni alama ya kurekodi kwa umeme, mfumo wa Western Electric, walioanza nao mwezi wa 2 mwaka 1925. Bessie aliimba mwezi wa 1, mbele ya honi la kukusanya sauti, bila maikrofoni. Hivyo disiki ya Columbia yenye W haiwezi kuwa ile ya kwanza ya tarehe 14.

Kuhusu faili iliyoshuka, hapo nina furaha kwa sababu kosa hili lina hesabu yake. Jina "78" linadanganya. Columbia ya wakati wa honi mara nyingi inataka mizunguko 80 kwa dakika, na wakati mwingine lebo yenyewe inasema hivyo. Huenda aliyeihamisha kwenye kompyuta aliweka 78.26. Tofauti ni asilimia 2.2, na sauti inashuka senti 38 (senti 100 ni nusu toni), zaidi ya theluthi ya nusu toni. Ndiyo maana gitaa lako linakwama katikati ya fito. Armoniumu inakusaidia hapo: ndimi zake ni za chuma, mpigaji hawezi kuikaza wala kuilegeza studio. Linganisha nota zake ndefu na kinanda kilichopigwa sawa. Kama zote zimeshuka kwa kiasi kile kile, kosa ni mwendo. Katika Audacity (programu ya kuhariri sauti) chagua kubadilisha kasi, si kubadilisha tempo, uweke +2.22. Ukibadilisha tempo, sauti itabaki chini na wimbo utakimbia.

Mkihamisha wenyewe disiki: karatasi ya strobo (duara lenye mistari linalowekwa juu ya disiki; chini ya taa ya umeme mistari inaonekana imesimama mwendo ukiwa sawa) kwa umeme wetu wa hezi 50 ina mistari 77, ikisimama ujue uko 77.92. Ile ya mistari 92 ni ya hezi 60, ya Marekani, hapa inadanganya. Taa iwe ya balbu ya zamani au ya neoni. Nyingi za LED hazipepesi vya kutosha. Na kama kuranti ya SNEL, kampuni ya umeme, imekatika mko kwenye grupu (jenereta), achana na strobo kabisa. Grupu ikipanda hadi hezi 52, mistari itasimama kwenye mizunguko 81 na wewe utafikiri uko sawa. Bandika kipande cha karatasi pembeni ya lebo, piga video kwa simu kwa dakika mbili kamili, hesabu: mizunguko 156 ni 78, mizunguko 160 ni 80.

Mwisho wa kurekodi: WAV ya biti 24, unganisha kushoto na kulia viwe mono (kelele za juu-chini zinafutana), na usipitishe sauti kwenye mlango wa "phono" wa amplifaya bila kurekebisha. Mlango huo una mkunjo wa RIAA (kanuni ya kurekebisha sauti) uliotengenezewa disiki za baadaye: unapandisha besi na kukata tribo, yaani sauti nyembamba za juu, karibu desibeli 14 kwenye hezi 10,000. Disiki ya wakati wa honi haina mkunjo wowote. Bessie atasikika kama amefunikwa blanketi.

---

Yaya_wa_Katuba

Maktaba amesema yote ya Bessie. Mimi nashika faili ya nne, maana Armstrong aliurekodi wimbo huu mara nyingi na kila mmoja anaweka mwaka anaoupenda.

Tazama saa kwanza. Ikiwa dakika tatu hivi na bendi kubwa nyuma, jaribu ile ya kampuni ya OKeh ya tarehe 13 mwezi wa 12 mwaka 1929, pamoja na bendi ya Luis Russell. Ikiwa karibu dakika 9, na kuna mwanamke anayeimba naye, ni ya mwezi wa 7 mwaka 1954, Chicago, kwenye albamu ya nyimbo za Handy tupu. Mwanamke ni Velma Middleton, tromboni ni Trummy Young, klarineti ni Barney Bigard. Ikiwa kuna violini nyingi, ni ya 1956, New York, na okestra kubwa iliyoongozwa na Leonard Bernstein. Siku hiyo Handy alikuwa amekaa kati ya watu, kipofu, mwenye miaka 82.

Tahadhari kwa ile ya 1954: CD iliyotolewa 1986 iliweka teki nyingine mahali pa zile za disiki ya kwanza. CD ya 1997 ilirudisha zenyewe. Kama mnasema hewani "hii ndiyo waliyoisikia watu mwaka ule", tumieni ya 1997 au disiki yenyewe.

Na kuna jambo la hapa kwetu ambalo kipindi hakiwezi kuliacha. Mwezi wa 11 mwaka 1960 Louis Armstrong alikuja Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, katikati ya msukosuko wa Katanga, kwenye safari iliyolipiwa na serikali ya Marekani. Velma Middleton alikuwa naye. Miezi michache baadaye, mwezi wa 2 mwaka 1961, mama huyo alifariki Freetown, Sierra Leone, baada ya kuugua kwenye safari ile ile.

---

Mwana_Kamalondo

Yaya, aksanti! Basi tunaweza kusema "St. Louis Blues" ulipigwa hapa Elisabethville mwaka 1960?

---

Yaya_wa_Katuba

Hapana, msiseme hivyo mpaka mwe na karatasi. Kwamba alikuja ni jambo lililothibitishwa. Orodha ya nyimbo za usiku ule ni jambo lingine, nalo linahitaji ushahidi wake. Tafuteni gazeti la Essor la mwezi huo, siku mbili kabla na siku tatu baada ya onyesho: kabla kuna tangazo, baada kuna ripoti. Ulizeni maktaba ya chuo kikuu hapa, kisha Maktaba ya Kifalme ya Brussels. Piga picha ukurasa mzima, pamoja na tarehe ya juu, si kipande cha habari tu. Nimeona vipande vingi vizuri ambavyo havifai kitu kwa sababu tarehe ilikatwa.

Wazee wa Kamalondo waliokuwepo waulizwe pia, lakini msiwaulize "alipiga St. Louis Blues?" Wataitikia ndiyo kwa heshima tu. Waulizeni walikumbuka wimbo gani, nyamazeni, kisha wapigieni nyimbo tatu bila kutaja majina.

---

Maktaba_BelAir

Naunga mkono. Na msisahau kwamba kuna filamu nyingine mbili ndefu zenye jina hilo hilo, ya 1939 na ya 1958. Katika ile ya 1958 Nat King Cole anaigiza kama Handy. Kuna pia marshi ya bendi ya Glenn Miller ya wakati wa vita. Ukitafuta kwa jina tupu vitakuja vyote kwenye kapu moja.

Ndiyo maana kwa rekodi za Marekani natumia hazina ya diskografia ya Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, inayoitwa DAHR. Ni ya bure. Usianze na jina la wimbo, utapata mamia. Anza na namba ya matrisi. Kama huna, anza na mwimbaji, halafu Columbia, halafu mwaka. Fungua ukurasa wa matrisi wenyewe: unaona tarehe, mji, wapigaji, na kila teki ilifanywa nini, ilitolewa au ilitupwa. Nakili namba pamoja na teki kwenye daftari la kipindi, mstari mmoja kwa kila faili.

---

Haki_na_Nota

Kidogo juu ya haki, maana mtaulizwa. Handy alifariki tarehe 28 mwezi wa 3 mwaka 1958. Sheria yetu ya 1986 inalinda kazi ya mtunzi miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo hapa Kongo wimbo wenyewe, nota na maneno, uko huru tangu 2009. Ulaya ni miaka 70, yaani mpaka mwisho wa 2028. Hilo linawahusu kama mtaweka kipindi kwenye intaneti na ndugu wa Brussels watasikiliza.

Rekodi ni haki nyingine. Kwa Marekani, rekodi za 1923 hadi 1946 zinalindwa miaka 100 tangu kutolewa, basi ya Bessie ya 1925 iko huru huko tangu tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 2026. Ya Armstrong ya 1954 bado sana: kwa sheria ya huko, za 1947 hadi 1956 zinachukua miaka 110. Kwa kurusha hewani hapa, pitieni SOCODA, shirika la haki za watunzi hapa Kongo, mkiwa na orodha: jina la wimbo, mtunzi, mwimbaji, kampuni, mwaka, dakika zilizopigwa. Orodha ile ya Maktaba ndiyo hiyo hiyo, msifanye kazi mara mbili.

---

Mwana_Kamalondo

Tumefanya ile ya tochi. Kuna W ndani ya duara, kisha tarakimu sita. Ya tano ni 3 au 8, imefutika. Kistari, halafu 2.

---

Sindano75

Basi si Bessie wa Januari, hilo limekwisha. Kwa tarakimu iliyofutika: weka karatasi nyembamba juu, pitisha penseli laini (2B) kwa ubavu bila kukandamiza, kama watoto wanavyonakili sarafu. 3 inaacha midomo wazi upande wa kushoto, 8 imefunga. Kisha ingiza zote mbili kwenye DAHR. Moja ya namba hizo itakuwa wimbo wenye neno "Blues" mwishoni, nyingine huenda ikawa waltzi au hotuba. Andika hapa namba nzima ukiipata, na usiiweke disiki kwenye mashine mpaka sindano ya 75 ifike.